Sabuni ya mwani kutoka Zanzibar kwenda Ujerumani: usitume mzigo kabla hujasikia hii

Haya wapendwa wangu, hamjambo huko nyumbani, mimi niko hapa Hamburg na leo nataka tuongee biashara. Inboksi yangu imejaa dada zangu wa Paje na Jambiani wanaotengeneza sabuni za mwani, swali lao ni lile lile, nifungue duka onlaini niwe natuma Ujerumani moja kwa moja, inawezekana? Inawezekana jamani, na wateja wapo, watu huku wanapenda sana vitu vya mwani na karafuu, ila kuna mambo ya sheria lazima uyaweke sawa kwanza la sivyo mzigo unakwama forodha na hela yako imekwenda.

Kubwa kuliko yote ni hili. Sabuni ya kuogea, mafuta ya mwili, skrabu, vyote huku ni vipodozi, na vipodozi vina sheria yao ya Umoja wa Ulaya, namba 1223 ya mwaka 2009. Sheria hiyo inasema lazima awepo mtu au kampuni iliyoko ndani ya Umoja wa Ulaya ya kuwajibika kwa bidhaa yako, jina na anwani yake vinaandikwa kwenye lebo, na mtu akiwashwa au akiungua ngozi huyo ndiye serikali inamgongea mlango. Ndio maana nawaambia binamu yako anayeishi Berlin usimbandike tu jina lake kwenye sabuni kisa ana anwani ya Ulaya, huyo anatakiwa atunze faili zima la bidhaa miaka 10 tangu bechi ya mwisho iingie sokoni, mwambie ukweli wote kabla hajakubali.

Pili ni ripoti ya usalama. Inasainiwa na mtaalamu aliyesomea, mfamasia, mtu wa toksikolojia yaani elimu ya sumu, daktari, sio mtu yeyote. Anataka fomula yako kwa asilimia, mafuta ya nazi kiasi gani, mwani kiasi gani, na karatasi za kila malighafi kutoka kwa aliyekuuzia. Hapa ndipo wengi wetu tunakwama maana mafuta ya karafuu tunanunua kwenye chupa ya maji haina hata karatasi! Anza kumdai muuzaji wako karatasi leo, na pima kwa mzani, acha kukadiria kwa kikombe. Ripoti ikikamilika bidhaa inasajiliwa kwenye portali ya Ulaya, huko hamna ada, gharama iko kwenye ripoti.

Sasa lebo. Kuna dada kanitumia picha ya lebo yake, nzuri kweli, rangi zimekaa, imeandikwa "sabuni ya karafuu asili 100%, inatibu ukurutu na chunusi" na namba ya WhatsApp, basi. Dada yangu hiyo "inatibu" itoe kabisa, ukishasema inatibu ugonjwa umeshaiita dawa, na dawa ina sheria nyingine nzito mno. Halafu karafuu ina eugenol, kemikali ya harufu inayoweza kuwasha ngozi, kwenye sabuni ya kusuuza ikizidi asilimia 0.01 lazima uiandike kwa jina, na kwa mafuta ya kupaka yanayobaki mwilini unaiandika ikizidi asilimia 0.001. Mchaichai nao una citral, mdalasini una cinnamal, nazo ni za aina hiyo hiyo, yaani asili haimaanishi haiwashi, kuna watu ngozi zao hazivumilii kabisa na wana haki ya kujua kabla hawajapaka. Weka pia uzito, namba ya bechi, imetoka nchi gani, viungo kwa majina ya kimataifa, na muda wa kutumia, na maonyo yawe kwa Kijerumani.

Cheti cha TBS (shirika la viwango Tanzania) au ZFDA (wakala wa chakula na dawa Zanzibar) endelea nacho, ni kizuri na kinasaidia kuonyesha unafanya kazi kwa utaratibu, ila hakichukui nafasi ya hivi vya huku.

Wenye vikapu na mikoba ya ukili msidhani mmepona, tangu tarehe 13 Desemba 2024 kuna sheria ya usalama wa bidhaa kwa jumla, na nyie mnahitaji mtu wa kuwajibika Ulaya na taarifa zake zionekane pale pale kwenye tangazo la onlaini. Na boksi lenyewe, ukiuzia Ujerumani unajisajili LUCID, daftari la Ujerumani la vifungashio, unapewa namba, na majukwaa makubwa ya kuuzia yanatakiwa kuikagua hiyo namba.

Tafadhali sana msiandike "zawadi" kwenye kitu mmeuza, hilo ni tamko la uongo forodhani, usikubali hata mteja akikuomba.

Ushauri wangu, hasa kwa vikundi vya kina mama, msianze na sabuni aina kumi. Chagueni moja inayotoka sana, changeni ripoti kwa pamoja chini ya jina la kikundi, mkishauza ndio muongeze ya pili. Kabla hamjachapisha stika nitumieni picha ya lebo, Jumamosi nitakuwa laivu tuzipitie moja moja, na mwenye fomula yake aje nayo imeandikwa kwa gramu.