Kicheko na Haiba ya Jukwaani: Nani Hushinda Pambano la Michano?

Mabibi na mabwana, wapenzi wa mashairi na wa muziki, nashukuru kwa kunialika.

Wengi wetu tukiulizwa nani alishinda pambano la michano, yaani wachanaji wawili wa rap wanaporushiana mistari mbele ya watu, tunakimbilia kuhesabu vina, mafumbo na kasi ya ulimi. Vitu hivyo vina uzito wake, ila wanaoamua ni watu waliosimama ukumbini, ambao hawana muda wa kurudia mstari mara mbili, na kicheko ndicho kura yao ya kwanza. Hoja yangu leo ni kwamba kicheko hicho hakitokani na mzaha peke yake. Hutokana na mzaha unaomgonga mpinzani mahali alipojijengea haiba yake.

Twende Harlem, New York, Desemba 1981, katika ukumbi wa Harlem World, mtaa wa 116. Mchanaji Busy Bee Starski alikuwa bingwa wa kuchangamsha watu. Alizoea kuita na kuitikiwa, kuwauliza watu nyota zao za kuzaliwa, kisha jinzi wanazozipenda, huku akichomekea vipande visivyo na maana yoyote, mfano ule wa «ba-diti-ba», na umati ukampenda kwa sababu alionekana kufurahi pamoja nao. Usiku ule alijigamba kama kawaida yake. Ndipo akapanda Kool Moe Dee wa kundi la Treacherous Three, na mambo yakabadilika.

Simulizi iliyozoeleka husema kwamba usiku huo ufundi wa mistari uliushinda uchekeshaji. Mimi siikubali moja kwa moja. Ukisikiliza Moe Dee alichokifanya, utaona kwamba aliuchukua uchekeshaji wa mwenzake akaugeuza kuwa mashtaka: alimtaka aiweke kando hiyo «ba-diti-ba» yake, akalalamika kwamba kila sherehe ni yale yale, akamkejeli kwa maswali ya nyota, kisha kwa kuhama kutoka nyota kwenda jinzi kana kwamba hilo ni jambo jipya, na akamalizia kwa kumwambia kuwa hata jina la Starski amelichukua kwa Lovebug Starski, msanii mwingine wa enzi hizo. Hayo ni madongo, tena ya kuchekesha. Baada ya maneno hayo, Busy Bee hangeweza tena kumuuliza mtu nyota yake bila ukumbi kukumbuka alivyochekwa. Mtaji wake wa miaka ukawa shabaha. Nadhani pia kwamba yalipenya zaidi kwa kuwa yalitoka kwa mtu mkavu, asiyejipendekeza kwa umati. Mzaha wa mtu asiyezoea mizaha huonekana kuwa ushahidi.

Tuongeze jambo moja, ambalo husahaulika: pambano hilo lilienea kwa kaseti. Kaseti hubeba maneno na kelele za watu, lakini haibebi uso, mikono wala mwendo wa mtu jukwaani. Kwa hiyo waliolijua pambano kwa kusikiliza tu walimpima Busy Bee bila nusu ya silaha zake.

Mizizi ya mambo haya ni ya zamani kuliko hip hop. Wamarekani weusi wana mchezo wa kutupiana matusi mbele ya watazamaji, uitwao dozens, ambamo mama wa mtu ndiye hushambuliwa kwanza, na anayekasirika amekwisha kushindwa. Sisi tuliokulia kwenye utani, kwa mfano ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, tunaijua sharti hiyo ya kutokasirika, ingawa utani hauna mshindi anayetangazwa, na dozens anaye. Hapo ndipo haiba inapofanya kazi: anayetukanwa akatabasamu amelipunguza tusi makali, na anayekunja uso amelithibitisha.

Katika ligi za siku hizi, kama Ultimate Rap League iliyoanzishwa New York mwaka 2009, wapinzani huchana bila biti, yaani mdundo wa muziki, kwa kawaida raundi tatu, na mistari mingi huandikwa na kukaririwa kabla. Biti isipokuwepo, ukimya na vicheko vya watu ndivyo vinavyotoa mapigo. Mchanaji mwenye pupa huendelea kuzungumza juu ya kicheko, na mstari unaofuata unapotea. Mzoefu hunyamaza, huangalia pembeni, huwaacha watu wamalize, kisha hushusha mstari wa pili ukiwakuta wametulia.

Mwaka 2012 mchanaji Loaded Lux alikutana jukwaani na mwenzake Calicoe wa Detroit, akaingia amevaa suti, akifuatana na jeneza na waombolezaji, kana kwamba mpinzani amealikwa kwenye mazishi yake mwenyewe. Mzaha huo ni mzito, na kijana asiye na jina angeufanya ungeonekana kichekesho cha shule. Kwa Lux ulikubalika, kwa sababu alikuwa amejulikana kwa miaka mingi kama mtu wa kunena kwa upole wa mhubiri, na sauti hiyo ilimruhusu kumwonya na kumzika kijana yule kwa pumzi moja.

Hata hivyo, maandalizi yote hayo huweza kuvurugwa na jibu la papo kwa papo. Anayetangulia huonyesha nguo zake, mkao wake na vichekesho vyake vyote. Anayefuata huviona, na akiweza kuanza raundi yake kwa mstari mmoja juu ya jambo lililotokea dakika moja iliyopita, ukumbi humlipukia kuliko unavyolipukia vina alivyovikariri wiki nzima. Mstari wenyewe mara nyingi ni dhaifu ukiandikwa karatasini. Watu huushangilia kwa kuwa wameuona ukizaliwa, na kwa kuwa mpinzani, ambaye zamu yake imepita, hana budi kusimama pale na kusubiri raundi ijayo.