Papa wa Kwanza Mwafrika Alishapita Zamani

Tumsifu Yesu Kristo!

Mapadre, masista, makatekista, walimu wa dini, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na nitalisema tena leo kwa sababu bado halijasikika. Kila Baba Mtakatifu anapofariki, redio na magazeti yetu huuliza swali lile lile: je, safari hii tutapata Papa wa kwanza kutoka Afrika? Mwaka 2005 lilitajwa jina la Kardinali Arinze. Mwaka 2013 la Kardinali Turkson. Mwaka 2025, baada ya kifo cha Papa Fransisko, la Turkson likarudi, likaongezwa la Kardinali Ambongo wa Kinshasa. Kuwataja wazee hao si kosa. Kosa ni hayo maneno “wa kwanza”, na yananiuma zaidi yanapotoka kinywani mwa mtu aliyepita seminari.

Vikta wa Kwanza alikuwa askofu wa Roma, yaani Papa, tangu mwaka 189 hivi hadi 199. Miltiades, 311 hadi 314. Gelasio wa Kwanza, 492 hadi 496. Liber Pontificalis, kitabu cha kale cha maisha ya Mapapa kilichoandikwa huko huko Roma, kinapotaja asili ya kila mmoja wa hao watatu kinasema: Mwafrika. Basi tukiuliza, tuulize lini atapatikana mwingine.

Lakini leo sikuja kwa ajili ya hao watatu tu. Nimekuja kwa ajili ya cheo chenyewe, kwa sababu hapo ndipo tunapojinyang'anya urithi kwa mikono yetu. Cheo cha Papa kilizoeleka barani Afrika kabla hakijazoeleka Roma.

Twendeni Aleksandria, Misri. Mwaka 232 hivi askofu wa mji ule alikuwa Heraklas, mtu aliyefundisha pamoja na Origene, mwanateolojia mashuhuri, katika shule ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kisha akaiongoza yeye mwenyewe. Akafariki mwaka 248 hivi, akarithiwa na Dionisi. Miaka michache baadaye ukazuka ugomvi mkubwa: mtu aliyekwenda kwa wazushi, waliofundisha kinyume cha imani ya Kanisa, akirudi, abatizwe upya au asibatizwe? Dionisi akaandika barua. Barua ile anamwandikia Filemoni, padre wa Roma. Wa Roma, ndugu zangu! Humo anaeleza walivyokuwa wakifanya Aleksandria: aliyeliacha Kanisa akaenda kwa wazushi, akitaka kurudi, alitakiwa kwanza kueleza hadharani yote aliyoyasikia kwao, halafu alipokelewa bila ubatizo mwingine. Dionisi anasema kanuni hiyo aliipokea kutoka kwa “papa wetu mwenye heri, Heraklas”. Maneno hayo tunayo kwa sababu Eusebi wa Kaisarea aliinakili barua katika historia yake ya Kanisa.

Tazameni mambo mawili hapo. Dionisi haelezi “papa” ni nani. Analitumia jina kama jambo la kila siku, akitarajia msomaji wake wa Roma ataelewa. Pili, anamtaja askofu wa Aleksandria, wala hamaanishi askofu wa Roma.

Sasa pandeni magharibi hadi Karthago, kwenye nchi ya leo ya Tunisia. Januari 250, katika dhuluma ya Kaisari Desio, Papa Fabiano aliuawa Roma. Kiti kikakaa wazi zaidi ya mwaka mzima, maana ilikuwa hatari kumchagua mwingine. Katika kipindi hicho Kanisa la Roma liliendeshwa na mapadre na mashemasi, nao wakaandikiana barua na Sipriani, askofu wa Karthago. Barua mojawapo inaanza hivi: “Kwa Papa Sipriani, mapadre na mashemasi walioko Roma, salamu.” Hao ni makleri wa Roma wenyewe, kwa mkono wao, wanamwita askofu wa Afrika Papa. Nimewasomea wanafunzi barua hii miaka nenda rudi, na kila mara yuko anayedhani nimekosea mstari. Sikukosea. Someni barua za Sipriani. Zimehifadhiwa, na mtu yeyote anayefundisha historia ya Kanisa hana udhuru wa kutozifungua.

Na Roma je? Katika makaburi ya chini ya ardhi ya Kalisto liko andiko la shemasi mmoja, Severo, anayesema alichimba chumba cha kaburi kwa ruhusa ya “papa wake Marselino”. Marselino aliongoza kuanzia 296 hadi 304. Hilo ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa tuliyonayo yanayompa askofu wa Roma jina hilo, nalo lilichongwa karibu nusu karne baada ya kifo cha Heraklas. Papa Sirisio, mwishoni mwa karne ya nne, ndiye aliyeanza kulitumia kama cheo chake rasmi. Na hadi Papa Gregori wa Saba, mwaka 1075, ndipo Roma ilipotamka waziwazi kwamba jina hilo ni la mmoja tu ulimwenguni.

Naona kaka mmoja pale katikati amekunja uso. Najua anachotaka kusema: “Mwalimu, unampunguzia Petro mamlaka.” Hapana! Cheo ni kitu kimoja na ofisi ni kitu kingine. Mwaka 180 hivi, Ireneo, askofu wa Lyon, aliorodhesha maaskofu wa Roma tangu mitume Petro na Paulo hadi Eleuteri, aliyemtangulia Vikta wetu. Hakumwita hata mmoja wao Papa, na bado alilihesabu Kanisa la Roma kuwa kipimo cha imani. Ofisi haikusubiri jina. Kwa hiyo Mkatoliki hana sababu ya kuogopa tarehe. Anayeogopa tarehe amejengewa imani kwa hofu, na hiyo ni kazi yetu walimu kuirekebisha.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaopenda kuchapisha picha na kusema Mapapa watatu walikuwa weusi. Nao nawasihi waache. Vyanzo vya kale havisemi lolote kuhusu rangi zao. Afrika ya Waroma ilikuwa ukanda wa Libya, Tunisia na Algeria ya leo, wenye Waberberi, wazao wa Wafoinike na walowezi wa Kilatini. Ukijenga fahari juu ya jambo usiloweza kulithibitisha, atakuja mtu mmoja mwenye kitabu akubomolee yote mbele ya wanafunzi wako. “Basi hao si wetu,” mwingine atasema. Mbona Augustino tunamkubali bila kusita? Hippo, mji aliokuwa askofu wake, uko Algeria, ndiyo Annaba ya leo. Papa Leo wa Kumi na Nne, siku aliyochaguliwa, alijitambulisha kuwa mwana wa Augustino, na hapa kwetu watu walishangilia. Huwezi kumpokea Augustino ukamkataa Vikta.

Nilitaka kumweleza Vikta kwa kirefu: alivyotaka kuwatenga maaskofu wa Asia, Uturuki ya leo, kwa sababu ya tarehe ya Pasaka, na Ireneo akamkanya. Na Gelasio, aliyemwandikia Kaisari Anastasi mwaka 494 kwamba ziko mamlaka mbili zinazoutawala ulimwengu. Muda umekwisha, naonyeshwa saa.

Niseme hili moja. Cheo cha Aleksandria hakikufa. Baada ya Mtaguso wa Kalkedonia, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, Kanisa lile lilipasuka, na leo kuna wawili wanaokibeba. Yuko Papa Tawadros wa Pili wa Wakopti, Wakristo wa asili wa Misri, anayehesabiwa wa 118 tangu Marko Mwinjili. Na yuko Papa na Patriarki wa Aleksandria na Afrika Yote, ambaye Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na hapa Bukoba humwombea katika liturujia. Katekista anayewaambia watoto kwamba duniani kuna Papa mmoja tu anamnyima jirani yake jina. Mei 2023 Tawadros alikwenda Vatikani, na Papa Fransisko akawaingiza katika kitabu cha wafiadini cha Roma wale 21 waliouawa pwani ya Libya mwaka 2015, Wakopti 20 na Mghana mmoja.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Katika somo la Mapapa, baada ya Petro, mwekeni Vikta na nchi yake, kisha wasomeeni watoto ule mstari wa barua ya Sipriani. Ni dakika tano.

Haya, maswali. Sista, mkono wako uko juu tangu nilipotaja Karthago. Karibu.