Nani Anachagua: Mzazi au Shule? Vocha za Shule na Mtoto wa Maskini

Walimu wenzangu, wazazi, na vijana mlio katika mafunzo ya ualimu, asanteni kwa kuja. Waandaaji wameniomba nizungumzie vocha za shule, na wamenisihi nisianze na karo za hapa kwetu, maana tukianza hapo tutalala hapa. Kwa hiyo nitawapeleka mbali kwanza, Marekani na Amerika ya Kusini, kisha turudi nyumbani Kenya kupitia Uganda.

Vocha si jambo gumu kulielewa. Kila serikali hutenga fedha kwa ajili ya mtoto wa shule. Kwa kawaida fedha hizo huenda kwenye shule ya umma, na kule Marekani mtoto hupangiwa shule kulingana na mtaa anaoishi. Mtetezi wa vocha husema fedha zimfuate mtoto: mzazi atafute shule anayoiamini, hata ikiwa ya kibinafsi, na serikali ilipe huko. Mchumi Milton Friedman aliliweka wazo hili kwenye maandishi mwaka 1955. Kwake yeye, serikali kulipia elimu ni jambo moja na serikali kuendesha shule ni jambo jingine.

Sasa utazameni mwaka huo. Mwaka mmoja kabla, 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa sababu ya rangi ni kinyume cha katiba. Majimbo ya kusini yakaanza kutafuta pa kuchomokea. Kaunti ya Prince Edward, Virginia, iliona heri ifunge shule zake zote za umma kuliko kuwachanganya watoto. Ikazifunga mwaka 1959, zikakaa na kufuli hadi 1964. Wazungu waliwafungulia watoto wao shule ya kibinafsi, na kwa muda familia zao zikapata msaada wa karo kutoka mfuko wa umma. Watoto weusi walikaa miaka mitano bila shule za umma. Wengine walipelekwa kwa jamaa katika kaunti nyingine, wengine walifundishwa kwenye vyumba vya makanisa, na wako ambao hawakurudi darasani kabisa. Mmarekani mweusi wa umri fulani akisikia habari za fedha za umma kwenda shule za kibinafsi, akakunja uso, msimshangae.

Ndiyo maana kisa cha Milwaukee kinastahili kusimuliwa polepole.

Milwaukee ni mji wa viwanda kando ya Ziwa Michigan, katika jimbo la Wisconsin. Mwaka 1976 jaji aliamuru shule za mji huo ziache ubaguzi. Utekelezaji ukawa wa mabasi ya kuwapeleka watoto shule za mitaa mingine, na waliopanda mabasi hayo kuvuka mji alfajiri walikuwa hasa watoto weusi. Shule za mitaa yao zikafungwa au zikageuzwa. Wazazi wakajikuta hawana sauti mtaani, na huko mtoto anakopelekwa hawana sauti vilevile.

Kati yao alikuwapo Polly Williams. Mama mweusi, Mdemokrati, aliyewahi kuishi kwa msaada wa serikali, na mwakilishi katika Bunge la jimbo tangu 1981. Ndiye aliyeongoza kule Wisconsin kampeni ya urais ya mchungaji mweusi Jesse Jackson. Watoto wake walisoma Urban Day, shule ndogo ya kibinafsi ya jamii, na aliona kwa macho yake kwamba mtoto wa mtaa ule ule anaweza kufundishika. Yeye na mwanaharakati Howard Fuller walijaribu kwanza njia nyingine: waliomba watu weusi wa Milwaukee wapewe wilaya yao ya shule, waiendeshe wenyewe. Ombi likazimwa katika Seneti ya jimbo. Hapo Williams akashikana mkono na gavana Tommy Thompson, Mrepublican, yaani wa chama pinzani, aliyependa vocha kwa sababu zake mwenyewe. Siasa ina ndoa za ajabu, na hii ilizaa mtoto. Mpango wa Milwaukee ulianza mwaka 1990 ukiwa na watoto wasiofika 350 katika shule saba, kila mmoja akibeba takriban dola 2,500.

Watu hukumbuka tarehe hiyo na kusahau masharti, na mimi naona utamu wote uko kwenye masharti. Kwanza, vocha ilikuwa ya familia ambayo kipato chake hakizidi asilimia 175 ya kiwango cha umaskini. Shule haikuruhusiwa kumwongezea mzazi karo juu ya vocha. Na maombi yakizidi nafasi, shule haikuwa na ruhusa ya kuchambua: ilipiga kura ya bahati nasibu. Mtoto wa mama anayefagia ofisi usiku na mtoto wa mama anayejua kuongea vizuri na mwalimu mkuu waliingia kwenye bahati nasibu ile ile.

Nataka tukae kidogo kwenye hiyo kura, maana iko nchi iliyokwenda bila kura, tukaona.

Chile ilianzisha vocha kwa nchi nzima mwaka 1981, chini ya dikteta Pinochet, kwa ushauri wa wachumi waliosomea Chicago. Kila mtoto alibeba kiasi kile kile, awe wa tajiri au wa mvuvi. Shule za kibinafsi zilikuwa huru kuchagua. Mtoto wa miaka mitano au sita anapewa mtihani, wazazi wanaitwa kwa mahojiano, na mwenye shule anapima kama familia hii inamfaa. Kisha kuanzia 1993 shule nyingi zikaruhusiwa kutoza nyongeza juu ya vocha. Shule za umma, ambazo mwanzoni zilikuwa na karibu wanafunzi wanane katika kila kumi, zilishuka hadi chini ya wanne, na waliobaki humo walikuwa hasa wale ambao hakuna aliyewataka. Wakati huo kwenye karatasi mzazi wa Chile alikuwa na uhuru zaidi wa kuchagua kuliko karibu mzazi yeyote duniani.

Waliolisema hilo kwa sauti ni watoto wenyewe. Mwaka 2006 wanafunzi wa sekondari waliingia barabarani na sare zao nyeusi na nyeupe, wakaitwa pengwini. Mwaka 2011 wakafuata wa vyuo vikuu. Serikali ilirekebisha kwa awamu: sheria ya 2008 iliongeza fedha kwa kila mtoto maskini, ili shule imwone kuwa faida badala ya mzigo, na sheria ya 2015 ikaanza kuondoa nyongeza za karo, faida ya wenye shule na uchujaji wa watoto. Miaka 34 kutoka 1981. Kizazi kizima kilipita katikati.

Colombia nayo ilianza mapema miaka ya 1990, ikatoa vocha zaidi ya 125,000 za sekondari kwa watoto wa mitaa maskini. Vocha ililipa takriban nusu ya karo, wengi wao wakapata kwa kura, na mtoto akirudia darasa vocha inakatika. Watafiti waliwalinganisha walioshinda kura na walioshindwa: baada ya miaka mitatu, walioshinda walikuwa mbele kwa takriban pointi 10 za asilimia katika kumaliza darasa la nane, hasa kwa sababu hawakurudiarudia madarasa. Matokeo mazuri, ingawa mimi nisingekata vocha ya mtoto aliyeugua mwaka mzima.

Je, Marekani walipata nini? Hapa mtanisamehe, sina jibu moja. Milwaukee, alama za mitihani za watoto wa vocha na wenzao wa shule za umma hazikutofautiana sana, lakini waliotumia vocha walimaliza sekondari kwa wingi zaidi kidogo. Louisiana, mpango uliosambazwa jimbo zima mwaka 2012, alama za hisabati ziliporomoka, na hilo liliwashtua hata watetezi. Maelezo mojawapo yanaingia akilini: shule nyingi zilizojiunga zilikuwa zile zilizokuwa zikipoteza wanafunzi. Shule nzuri iliyojaa haihitaji vocha ya mtu. Mwenye madawati matupu ndiye anayekukaribisha kwa tabasamu.

Na wako waliokaribisha kwa nia nyingine. Milwaukee ilikuwapo shule ambayo mkuu wake alitumia fedha za vocha kujinunulia Mercedes. Uchunguzi mmoja wa kitaaluma ulikuta kwamba katika shule zote za kibinafsi zilizoshiriki mpango huo kati ya 1991 na 2015, asilimia 41 zilikufa. Watetezi husema hivyo ndivyo soko linavyojisafisha. Sawa, lakini duka la nguo likifungwa, mteja huenda la jirani jioni hiyo hiyo. Shule ikifungwa mwezi wa pili wa muhula, mtoto hana pa kwenda, na mwaka wake hauna wa kumrudishia.

Niwaonyeshe kitu kimoja kidogo. Katika mpango wa Cleveland, Ohio, hundi ya vocha iliandikwa kwa jina la mzazi. Mzazi hakuipeleka benki. Aliigeuza, akatia sahihi nyuma, ikawa ya shule. Sahihi hiyo moja ilifika hadi Mahakama ya Juu mwaka 2002. Wapinzani walisema asilimia 96 ya watoto wa vocha wako katika shule za kidini, basi serikali inafadhili dini. Majaji watano kwa wanne wakasema la: fedha zimefika kanisani kwa uamuzi wa mzazi. Kisheria naielewa hoja. Lakini someni kesi ile mpaka ndani. Vocha ilikuwa na kikomo cha dola 2,250, na shule za bei hiyo zilikuwa hasa za Wakatoliki. Sheria iliruhusu pia shule za umma za vitongoji jirani vyenye uwezo ziwapokee watoto hao na fedha zao. Hakuna hata kitongoji kimoja kilichokubali. Mzazi alitia sahihi, ni kweli, lakini mlango uliokuwa wazi ni mmoja.

Turudi kwa Polly Williams. Kikomo cha kipato Milwaukee kilipandishwa hatua kwa hatua, mwaka 2011 kikafika asilimia 300 ya kiwango cha umaskini, na gavana Scott Walker alitaka kiondolewe kabisa. Williams alipinga. Fuller, ambaye baada ya harakati zake aliwahi kuwa msimamizi wa shule za umma za mji huo, alikwenda mbele ya wabunge akasema kama vocha zitakuwa za kila mtu, yeye hayumo. Wenzao wa zamani katika kutetea vocha hawakungoja. Jimbo la Arizona lilifungua mpango wake kwa watoto wote mwaka 2022, na wengi wa walioomba mwanzoni walikuwa watoto ambao hata hawakuwa katika shule za umma. Mzazi aliyekwisha kulipa karo akarudishiwa karo.

Sasa nyumbani, kwa ufupi. Uganda ilipoanzisha elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007, shule za serikali hazikutosha, ikazilipa shule za kibinafsi shilingi 47,000 za Uganda kwa mwanafunzi kila muhula. Shule hazikupaswa kutoza karo, lakini chakula na mambo mengine yalibaki kwa mzazi, na wanaofahamu shule wanajua "mambo mengine" yanavyoweza kunenepa. Kuanzia 2018 serikali ilianza kujiondoa ili fedha ziende kwenye shule zake. Nasi Kenya tuna basari za maeneobunge. Hundi huandikwa kwa jina la shule, fomu hupita kwa chifu, na mara nyingi kiasi hakifiki nusu ya karo. Naona mama pale nyuma anacheka, anazijua. Kwa kawaida basari humkuta mtoto akiwa ameshapata shule, humsaidia kubaki humo. Haimchagulii kitu.

Kwa hiyo mwanasiasa akija mtaani kwenu na neno vocha, mimi nisingemuuliza kama ni mtu wa soko au wa serikali. Ningemuuliza shule ikijaa nani anaachwa nje na kwa njia gani, nani analipa nauli na sare, na mtoto kiziwi au mwenye ulemavu anapokewa wapi, maana hata kule Marekani shule za kibinafsi hazibanwi na sheria ya watoto hao kama zinavyobanwa za umma. Akijibu hayo kwa vifungu vya sheria, nitamsikiliza hadi usiku.

Maswali sasa. Tuanze na mama aliyekuwa anacheka.