Zahanati Iko Mbali na Mtoto Anahema

KAKA: Haya, karibuni tena. Leo tuko kwenye nyumba iliyo mbali na barabara, mbali na zahanati, ina watoto wawili watatu walio chini ya miaka mitano, na jua limeshazama.

DADA: Hapo kwenye jua kuzama ndipo penyewe. Mchana mambo huenda. Mkubwa anamwangalia mdogo, mama yuko kisimani, baba yuko shambani, jirani akisikia kilio anachungulia. Usiku ndio unaojulisha mtu kwamba anakaa mbali.

KAKA: Na watoto nao, sijui wana mkataba na usiku! Kutwa nzima kacheza, giza likiingia tu, homa.

DADA: (Anacheka) Na ubishi wa wazazi unaanza papo hapo. Mmoja anataka waende, mwingine anasema kukuche kwanza. Mimi simlaumu wa pili, njia ya usiku ina hatari zake. Ila nimonia, ule ugonjwa wa mapafu, haingoji mtu.

KAKA: Sasa mzazi asiye daktari atajuaje kama si kikohozi cha kawaida?

DADA: Ahesabu pumzi. Saa ya kwenye simu inatosha. Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue nguo, sogeza taa, tazama kifua na tumbo. Kupanda na kushuka, hiyo moja. Hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu ukazidisha mara mbili, kwa sababu watoto wachanga hawapumui kwa mwendo mmoja. Mara mbio, mara pole.

KAKA: Ngapi ndiyo nyingi?

DADA: Chini ya miezi 2, kuanzia 60. Miezi 2 mpaka hajatimiza mwaka, kuanzia 50. Wa mwaka 1 mpaka hajatimiza mitano, kuanzia 40.

KAKA: Kumbe pumzi 45 kwa wa miezi minane ni sawa, lakini kwa kaka yake wa miaka mitatu ni mbio.

DADA: Eeh, umeshika. Pumzi zikiwa mbio hivyo, anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya. Na ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, acha kuhesabu, fungeni safari. Hivyo hivyo akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, au akilegea mpaka haamshiki. Na kichanga wa chini ya miezi 2 akiwa na homa, hapo hakuna mjadala.

KAKA: Kuhara je?

DADA: Pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji anywe mtoto anayehara, zikae ndani siku zote. Zikiisha, maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko.

KAKA: Vijiko vya kusawazisha, jamani! Najua mnavyorundika.

DADA: Chumvi ikizidi inamdhuru. Na kunyonyesha kusisimame.

KAKA: Mimi nina langu moja: mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto ana kiu, anaona chupa anayoijua...

DADA: Akiyanywa, msimtapishe! Yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu. Peleka.

KAKA: Turudi kwenye ule ubishi. Unamalizwaje?

DADA: Unamalizwa mchana, watoto wakiwa wazima. Kaeni mkubaliane: dalili hizi tukiziona, tunaondoka, saa yoyote. Nani atasindikiza. Pikipiki ya nani. Akiba ya nauli iko wapi. Wanaobaki watalala kwa nani. Simu isilale bila chaji.

KAKA: Na baba akiwa hayupo?

DADA: Hapo nitasema wazi, kaka yangu, hata kama wenzio watanuna. Mama asingoje ruhusa. Kuna nyumba ambazo mama anajua kabisa mtoto amezidiwa, lakini anakaa mlangoni kwa sababu mwenye neno la mwisho hajarudi.

KAKA: Hawatanuna. Au wanune tu! Basi ruhusa itolewe mapema, na bibi na babu wasikie, ili asije mtu akamuuliza usiku kaambiwa na nani aondoke.

DADA: Na wasikie wote kwa pamoja.

KAKA: Kadi ya kliniki?

DADA: Ikae mahali pamoja panapojulikana. Msipoiona, nendeni bila kadi.