Konda, Dereva na Moyo: Mhadhara kuhusu Mazoezi ya Pumzi

Wazee wangu, dada na kaka zangu, shikamooni kwa wanaostahiki shikamoo, na habari za asubuhi kwa wengine. Kabla sijasema lolote, namwomba kila mmoja aweke vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kifundo cha mkono wake mwingine, upande wa dole gumba, atafute mahali panapodunda, kisha aanze kuhesabu nikitoa ishara na aache nikisema basi. Ni nusu dakika tu.

Basi. Zidisheni mara mbili. Mzee wangu wa mstari wa mbele ananiambia amepata 39, maana yake moyo wake unapiga mara 78 kwa dakika akiwa amekaa. Hiyo ni kawaida, kwa kuwa mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Iandikeni namba yenu nyuma ya karatasi ya ratiba, kwa sababu tutairudia.

Nimealikwa kuzungumza na madereva pamoja na watumishi wa ofisini kuhusu mazoezi ya pumzi, yaani yale yanayouharakisha moyo na kupumua, kama kutembea haraka, kukimbia au kuruka kamba, nami nimeona nianze na watu wa kazi yenu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alitaka kujua kwa nini ugonjwa wa moyo ulikuwa ukiongezeka. Akawatazama wafanyakazi wa usafiri wa London, wanaume wapatao 31,000 wa umri wa miaka 35 hadi 64. Mabasi ya huko yalikuwa ya ghorofa, na kila moja lilikuwa na watu wawili: dereva aliyekaa kwenye usukani zamu nzima, na konda aliyepanda na kushuka ngazi akikata tiketi, mamia ya vidato kila siku ya kazi. Walitoka katika mitaa ileile na walilipwa na mwajiri yuleyule. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953: makonda walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa nao, ulichelewa kuja na haukuwaua upesi kama ulivyowaua wenzao.

Wapo waliopinga, na pingamizi lao lilikuwa la maana: huenda wanene ndio waliochagua kazi ya kukaa. Morris akaenda kwenye kumbukumbu za sare, akasoma vipimo vya viuno vya suruali. Ni kweli, madereva walikuwa na viuno vipana zaidi. Hata hivyo, hesabu za baadaye zilionyesha kwamba konda mwembamba alikuwa na nafuu kuliko dereva mwembamba, na konda mwenye kitambi alikuwa na nafuu kuliko dereva mwenye kitambi. Mimi huipenda sehemu hii ya suruali kuliko zote, kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya kila siku, yaani wembamba na afya ya moyo.

Ngazi zile zilifanya nini? Moyo ni msuli. Ukiutaka ufanye kazi zaidi ya ulivyozoea, siku baada ya siku, chumba chake cha kushoto hupanuka kidogo na kuta zake hupata nguvu, hata kila pigo likasukuma damu nyingi kuliko zamani. Mwili uliotulia huhitaji takriban lita 5 za damu kwa dakika, na moyo unaosukuma zaidi kwa pigo moja hauna haja ya kupiga mara nyingi ili kuzifikisha. Mzee wetu mwenye 78 akishuka hadi 68, moyo wake utakuwa umepunguziwa mapigo 14,400 kwa siku moja. Wakati huohuo mishipa ya damu hulainika, presha hushuka, na misuli ya miguu huvuta sukari kutoka kwenye damu, jambo ambalo wenye kisukari wanapaswa kulisikia mara mbili.

Sasa niwaambie kosa langu mwenyewe. Nilipofikisha miaka 46 nilinunua raba mpya siku ya Jumamosi, na Jumatatu alfajiri nikatoka mbio kama ninafukuzwa. Siku ya nne nilikuwa ninashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume kwa maumivu ya magoti, na raba zile zikakaa chini ya kitanda miezi mitano. Kosa lilikuwa mwendo. Mapafu na moyo huanza kuzoea baada ya wiki chache, lakini kano za magoti na mifupa ya miguu huchukua miezi, kwa hiyo mtu hujiona ana pumzi ya kutosha kabla miguu haijawa tayari kumbeba.

Niliporudi, nilirudi kwa kutembea. Kipimo nilichotumia hakihitaji saa wala simu: mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako lakini si kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza hatua. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Baada ya wiki sita nilianza kuchanganya, dakika moja mbio, dakika tatu kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani wa namna hiyo, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, nazo zinaweza kukatwa vipande. Anayeshuka kituo kimoja kabla ya kazini kwake na kumalizia kwa miguu tayari ameanza kuzihesabu.

Dada mmoja aliniuliza mlangoni afanye nini, ilhali barabara ya kwao alfajiri si salama kwa mwanamke aliye peke yake. Kamba ya kuruka, uani, dakika mbili kisha pumziko, inatosha kabisa kuanzia, mradi magoti yawe mazima.

Kuhusu kitambi nitasema kwa ufupi, japo najua ndicho kilichowaleta wengi. Nusu saa ya kutembea haraka, kwa mtu wa kilo 70, hutumia takriban kilokalori 150, na chapati moja ya mafuta huzirudisha zote kabla chai haijapoa. Kitambi kina kesi yake jikoni. Anayetembea kwa ajili ya kitambi peke yake hukata tamaa wiki ya tatu, wakati moyo wake ndio kwanza unaanza kubadilika.

Mwenye maumivu ya kifua anapopanda ngazi, mwenye presha isiyotulia, au aliyewahi kuzimia, aanzie kwa daktari. Anayesikia kifua kimebana katikati ya mazoezi asimame papo hapo na aende hospitali, asijikaze.

Ile namba mliyoiandika, ipimeni tena baada ya wiki 12, asubuhi, kabla hamjainuka kitandani, na kwa kuwa ya leo mmeipima mkiwa mmekaa ukumbini, kesho alfajiri pimeni nyingine ya kulinganisha nayo. Sasa mzee wangu mwenye 39 ameinua mkono tangu nilipotaja chapati. Karibu, mzee.