Mahakama Iliyogeuzwa Nyumba ya Sanaa

Assalaam aleikum. Leo nimeitwa nizungumzie Singapore, ila mtaniwia radhi, jicho langu moja liko Forodhani, Zanzibar.

Jumba la taifa la sanaa la Singapore lilifunguliwa Novemba 2015 ndani ya majengo mawili ya enzi ya Mwingereza: baraza la mji, la 1929, na Mahakama Kuu, la 1939. Yalikuwa jirani, wasanifu wakayaunganisha kwa vipito na paa la vioo na chuma. Picha zilizomo ni za Asia ya Kusini-Mashariki, na ni nyingi, vaeni viatu vyepesi.

Mimi nilichokipenda zaidi ni mahabusu. Baadhi ya vyumba walimongojea washtakiwa vimebakishwa, na mgeni anaingia akajionea ufinyu wake. Upande wa pili, kwenye baraza la mji, upo ukumbi ambamo Wajapani walitia saini ya kusalimu amri, 12 Septemba 1945. Nao umebakishwa. Mahakama haikulazimishwa kujifanya kwamba tangu hapo ilikuwa nyumba ya picha.

Sasa tuje kwetu. Beit el Ajaib, jumba lile la Forodhani, aliijenga Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, 1883. Mizinga ya Mwingereza ya 1896 ikaisaza, ukaongezwa mnara wa saa, ikawa ofisi za serikali, ikawa makumbusho, na 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakafariki.

Kila nikipita nasikia: "Irudishwe kama zamani." Zamani ipi, jamani? Barghash alifariki 1888. Mnara huo tunaoulilia hakuuona. Tukiirudisha ya Barghash, mnara hauna pake. Tukiurudisha mnara, basi tumeshakubali kwamba jumba lina zama nyingi, na kila moja ina haki ya chumba, hata ile ya mafaili ya mkoloni. Hata ya Desemba 2020.

Na kwa vijana mnaosomea ufundi: chokaa, si saruji. Ukuta wetu wa mawe ya matumbawe hunywa unyevu, na chokaa huuachia utoke. Saruji huuziba, maji hubaki ndani na chumvi yake, lipu ikabambuka, boriti zikaoza kwenye vichwa vilivyozama ukutani. Nje ukuta unang'ara, hata mkaguzi anasifu. Chokaa ni kazi ya kusubiri, najua, na mwenye fedha huwa hataki kusubiri. Mwambieni hivyo kabla hajasaini mkataba.