Shabaha Mbovu Haitatuokoa Tena

Ndugu zangu wa Mwanza, mikataba ya kudhibiti makombora na droni tutaifikia, lakini kwanza kisiwa chetu cha Saanane. Machi 1979, vita vya Kagera vikielekea ukingoni, Gaddafi wa Libya alituma ndege ya Kisovieti, Tupolev Tu-22, ije kulipua maghala ya mafuta ya mji huu ili amnusuru Amin. Ndege inayopita kasi ya sauti, dola zima nyuma yake! Ikakosa. Mabomu yakaangukia kisiwani, yakaua swala. Maghala yakabaki mazima, na mwezi uliofuata Kampala ikaanguka.

Tuliponea shabaha mbovu. Nalirudia hili kila ninapopewa kipaza sauti, maana kinga hiyo imekwisha. Mei 2025, droni zilichoma maghala ya mafuta ya Port Sudan, moto ukawaka siku kadhaa. Jeshi la Sudan liliwalaumu wapiganaji wa RSF wanaopigana nalo, kundi lililoingia vitani bila hata ndege moja ya kivita. Shabaha ile ile ya mwaka 1979, na safari hii ikapatikana.

Sasa sheria. Mwaka 1987 nchi saba tajiri zilikubaliana kuzuia teknolojia ya makombora, na zuio kali likawekwa kwenye chombo kinachobeba kilo 500 kwa kilomita 300. Kwa nini kilo 500? Waliwaza uzito wa bomu la nyuklia. Droni ya Shahed, ya Iran, hubeba kilo kama 50 tu. Chombo chepesi namna hiyo kimeachiwa busara ya serikali inayouza, na muuzaji mwenye njaa ya fedha ana busara gani? Wanapima uzito, wakati kinachotuua ni usahihi!

Yupo atakayesema: mimi nauza dagaa Mwaloni, yananihusu nini? Yanakuhusu, mama. Wahouthi, waasi wa Yemen, walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, kampuni kubwa zilizungusha meli zao Rasi ya Tumaini Jema, gharama ya kusafirisha mizigo ikapanda. Injini ya mtumbwi inakunywa mafuta yaliyokuja kwa meli.

Kanuni za kimataifa za The Hague za 2002 zinagusa makombora ya balistiki, yale yanayorushwa juu kama roketi kisha yakaangukia shabaha; droni hazimo. Makombora ya begani nayaruka, mwenyekiti ananionyesha saa. Ninachodai ni hiki: Jumuiya ya Afrika Mashariki iwe na daftari moja la droni za kivita zinazoingia kwetu, nani kauza na nani kanunua. Mbunge wenu akija kuomba kura, mkimaliza la barabara, mwulizeni na hilo.